Namba ya Leo

Azimio Namba Tatu la Kamati ya Muda ya Benchi, Kuhusu Kusitishwa kwa Hiari kwa Mahusiano Yote na Kampuni ya Kahawa ya Hartley & Finch, Tawi la Woolwich, Pamoja na Huduma Zake Ambatani. Hilo ndilo jina lake kamili. Aliyeliandika ni Godlisten, mtu wa Moshi anayefanya kazi kwenye ofisi ya halmashauri inayogawa nyumba, ambaye kijiwe kizima humwita Kwa Mujibu kwa kuwa hawezi kutoa sentensi tatu bila kuyatumia maneno hayo mawili. Azimio la Kwanza lilihusu nani akae upande wenye jua. La Pili lilihusu njiwa. Hili la Tatu lilipitishwa kwa kauli moja, likaanza kutumika siku ya Ijumaa, na wa kwanza kulitia sahihi, kwa wino mweusi na bila miwani, alikuwa mwenyekiti mwenyewe, au Chemani kama wanavyomwita, Mzee Rajab Mwinjuma.

Benchi ni la chuma, la watu watano wakibanana, mbele ya duka la kutengeneza simu kwenye kichochoro kinachotokea sokoni Woolwich. Ukikaa hapo, hatua kumi na tano mbele yako ni vioo virefu vya Hartley & Finch, na nyuma ya vioo watu wametulia wakitazama kompyuta zao. Kahawa inayonywewa kwenye Benchi haitoki humo. Inatoka Plumstead, jikoni kwa Mzee Rajab, ndani ya themosi ya kijani, na ina tangawizi ya kukohoza. Hunywewa kwa vikombe vidogo vya kauri alivyovileta mwenyewe kutoka Tanga, kila kimoja ndani ya soksi yake. Miaka sita sasa mambo ni hayo hayo, kila asubuhi isiyo na mvua kubwa. Mpita njia asiyejua lugha hudhani pana ugomvi, kumbe watu wanasalimiana.

Chanzo cha azimio kilikuwa barua. Mwenyekiti wa kampuni hiyo, mzee wa heshima aliyepigwa picha na mbwa wake wawili, aliandika gazetini kwamba nchi imezoea mno kuagiza watu kutoka nje waje kuwaogesha wazee wake, na kwamba watu hao wakiisha kuja wangoje miaka mingi zaidi kabla ya kuhesabiwa kuwa wakaazi. Dinah ndiye aliyeisoma kwa sauti. Ni muuguzi, mtu wa Taita, na kijiweni anaitwa Sista. Mdogo wake wa kike anafanya kea huko Kent, yaani kuogesha na kulisha wazee wa watu majumbani mwao, na alikuwa kwenye mwaka wa nne wa kuhesabu miaka hiyo. Sista Dinah alifika katikati ya barua, akakunja gazeti, akaliweka chini ya paja. Hakuna aliyemwomba amalizie. Kesho yake azimio likawa limeshaandikwa.

Sasa Mzee Rajab. Huyu aliendesha basi Landani miaka ishirini na miwili. Dereva wa basi haijui Landani kwa makumbusho yake. Anaijua kwa vyoo vyake. Anajua kipi kiko nyuma ya kituo kipi, kipi kina ufunguo, kipi mlinzi wake ni mkali na kipi mlinzi wake anataka kusalimiwa tu. Alipostaafu alidhani elimu hiyo imekwisha kazi. Kisha daktari akamwandikia vidonge vya presha, vile vinavyotoa maji mwilini, na tangu hapo kila dakika arobaini mwili wake humkumbusha, bila kujali yuko wapi wala nani anazungumza. Choo cha umma cha jirani kiligeuzwa zamani kuwa baa ya mvinyo. Kilichobaki ni cha Hartley & Finch, mlango wa nyuma kulia, wenye kidude cha kubonyeza tarakimu nne. Namba hubadilika kila siku na huchapwa chini ya risiti, ili wasio wateja wasiingie. Lakini pale kaunta kuna Plamedie, binti wa Bukavu, na kila asubuhi anapotoka kupanga meza za nje humpitia karibu na kusema kama anayetoa salamu: “Papa Rajab, leo ni nne, saba, moja, tisa.”

Siku alipotia sahihi, Mzee Rajab alidhani wanasusia kahawa. Na kahawa ya kule hakuwahi kuionja. Kujinyima kitu usichokitaka ni jambo jepesi. Alikuja kujua maana ya huduma ambatani Ijumaa hiyo ya kwanza, aliponyanyuka kama kawaida yake.

— Chemani, wapi? — aliuliza Kwa Mujibu.

— Kunawa mikono.

— Kwa mujibu wa kifungu cha pili, maliwato ni huduma ambatani. Nimeiweka makusudi, wasije wakasema tumesusia nusu nusu.

Mzee Rajab akakaa. Angesema nini? Mtu anasimamaje mbele ya miaka minne ya mdogo wake Dinah na kusema, lakini mimi nina kibofu? Tangu siku hiyo, ikikaribia saa tano, alisema ana fundi bomba nyumbani, akafunga themosi, akapanda mabasi mawili kurudi Plumstead. Huko hakuna aliyemngoja. Mkewe alifariki mwaka wa kwanza wa Benchi. Alikaa akitazama dirishani hadi jioni, bomba zake zikiwa nzima kabisa.

Jumamosi ya pili ilikuwa siku ya tisa ya mgomo. Mawingu yalikuwa chini lakini hayakuwa na haraka. Saa nne na nusu walikuwa wanne: Mzee Rajab mwenye themosi, Kwa Mujibu mwenye daftari, Sista Dinah aliyekuwa zamu ya kupumzika, na Griffins wa Kisumu, mlinzi wa jengo la ofisi, ambaye usiku kucha husoma simu na asubuhi huileta dunia yote kijiweni. Anaitwa Brekingi.

— Wazee, hii kitu inawauma, — alisema Brekingi, akielekeza kidevu kwenye vioo. — Hebu hesabuni. Jumamosi, saa kama hii, kuko na wateja wangapi mle?

— Kumi na mmoja, — alisema Dinah.

— Na Jumamosi iliyopita?

— Kumi na wawili.

— Si mnaona! Kwa Mujibu, andika!

Kwa Mujibu akaandika.

— Yule aliyekosekana ni mama mwenye mbwa mweupe, — aliendelea Dinah. — Mbwa amefanyiwa operesheni. Aliniambia juzi pale sokoni.

Kwa Mujibu alisita, kisha akaongeza mbele ya maandishi yake: angalia pia, mbwa.

Mzee Rajab alimimina kahawa. Alimjazia kila mtu, akajijazia na yeye, akakishika kikombe chake karibu na mdomo, akakirudisha gotini kikiwa vilevile. Siku nane alikuwa ameifanya michezo hiyo. Anapika kahawa alfajiri, anaisikia harufu yake njia nzima ndani ya basi, kisha anawatazama wenzake wakiinywa.

— Mimi nimefanya utafiti, — alisema Brekingi.

— Kwenye simu? — aliuliza Dinah.

— Sista, utafiti ni utafiti. Mnakumbuka mwezi uliopita, hawa hawa waliweka kibandiko pale dirishani, Wote Mnakaribishwa?

— Nakumbuka, — alisema Mzee Rajab. — Wakaja wale wenye bendera, wasiotaka wageni, wakasimama nje siku nzima, wakisema nao wanaisusia.

— Eeh! Sasa fikiria. Mwezi uliopita inasusiwa na wale kwa sababu inatupenda sana. Mwezi huu inasusiwa na sisi kwa sababu haitupendi. Kampuni moja, buda! Nani anaendesha hiyo?

— Watu wawili wasiosemezana, — alisema Dinah. — Mmoja wa vibandiko, mmoja wa barua.

— La hasha. Ni mtu mmoja. Ofisi moja, dawati moja. Wenye bendera wakisusia, wanaotuonea huruma wanakuja kununua kwa huruma. Sisi tukisusia, wenye bendera wanakuja kununua kwa hasira. Halafu kila mwezi wanabadilisha. Wanatutegemea! Bila sisi kususia, hiyo duka ingekuwa imefungwa.

Mzee Rajab alivuka mguu wa kulia juu ya wa kushoto. Saa nne na dakika arobaini.

— Kwa hiyo, — alisema Kwa Mujibu polepole, kalamu ikiwa hewani, — kwa mujibu wa hoja yako, tukiacha kususia ndiyo tutakuwa tumeisusia.

— Hapo sasa umeanza kuelewa.

— Siandiki hilo.

— Usiandike. Lakini kuna jingine. Ile namba ya mlango wa choo.

Mzee Rajab akakohoa bila tangawizi.

— Namba imefanya nini?

— Kwa nini inabadilika kila siku?

— Ili wasionunua wasiingie. Imeandikwa mlangoni.

— Hiyo ndiyo wanataka uamini, Chemani. Choo hakihitaji ulinzi kama benki. Mimi ni mlinzi, najua. Kila ukibonyeza, kuna mahali inaandikwa: saa ngapi, mara ngapi, dakika ngapi. Ile ni sensa. Wanahesabu watu wetu, halafu yule mzee wa mbwa anaandika barua gazetini akijua tuko wangapi.

— Basi kwenye hiyo sensa, — alisema Dinah, — Woolwich nzima ina Mswahili mmoja, na ameingia mara elfu nne.

Brekingi na Kwa Mujibu walicheka. Mzee Rajab alitabasamu kwa tahadhari kubwa. Kucheka, wakati kama ule, ni starehe ya watu wenye vibofu vya ujana. Dinah alikitazama kikombe kilichojaa juu ya goti lake, kisha akatazama kwingine.

— Tukiwa hapo hapo, — alisema Kwa Mujibu, akigeuza ukurasa. — Kuna agenda ya mengineyo.

— Hatukuwa na agenda, — alisema Mzee Rajab.

— Mengineyo huwepo daima. Chemani, kwa heshima zote, wajumbe wameniletea swali. Kila siku saa tano unaondoka.

— Nilishasema. Fundi bomba.

— Siku nane? — alidakia Brekingi. — Mzee, hata jumba la kifalme halina bomba za siku nane. Mimi nilimwambia Kwa Mujibu: Chemani amepata jiko Plumstead, na wala si jambo baya, atuletee tu biriani.

— Griffins! — alisema Dinah.

— Sista, mjane hakatazwi.

— Mimi sikuafiki habari ya jiko, — alisema Kwa Mujibu. — Mimi nilijiuliza kwa upande wa taratibu. Mgomo unaanza Ijumaa. Ijumaa hiyo hiyo mwenyekiti anaanza kuondoka mapema, kila siku saa ile ile, bila maelezo ya kuridhisha. Mtu wa nje akitazama atauliza: je, mwenyekiti amefuatwa?

— Nimefuatwa na nani?

— Na kampuni.

— Wamemnunua! — Brekingi alipiga paja. — Hapo sikuwa nimefika, lakini inaingia kabisa! Saa tano wanakutana. Wapi? Plumstead. Hakuna mtu atawatafuta Plumstead.

— Simtuhumu, — alisema Kwa Mujibu. — Ninampa nafasi ya kutamka kama ana mgongano wa maslahi. Kuna fomu. Nilichapa ofisini.

Kweli akaitoa, imekunjwa mara mbili, ina mstari wa sahihi na mstari wa tarehe. Mzee Rajab aliitazama. Ilikuwa fomu nzuri. Ilikuwa na kisanduku cha “Ndiyo”, cha “Hapana” na cha “Sina Hakika”, na hakuna hata kimoja kilichokuwa cha hali yake. Saa tano kasoro dakika nane. Basi la kwanza lilikuwa linapita baada ya dakika tatu, na akiondoka sasa angekuwa ameijaza fomu kwa miguu.

Akabaki. Alivuka mguu wa kushoto juu ya wa kulia.

Hapo ndipo Mwende alipofika. Alikuwa msichana wa Kitui, mwanafunzi wa uzamili, majuma matatu tu tangu ashuke kwenye ndege, na koti alilovaa lilikuwa la Dinah, ambaye walionana kanisani na akamwambia aje asikie lugha. Alisalimia “hamjambo wazee wangu.” Mzee Rajab, ambaye kwao Tanga angetarajia shikamoo, alimsamehe kwa kuwa ni Mkenya, akasogea, akamfungulia kikombe cha tano kutoka kwenye soksi yake.

— Karibu, binti. Hii ni tangawizi, usishtuke.

Mwende alionja, akashtuka, akashukuru.

— Hapa panaitwa Benchi, — alisema Brekingi. — Umefika siku kubwa. Tuko kwenye mgomo.

— Wa kazi?

— Wa kususia. Hiyo kampuni pale.

Wakamweleza. Kwa Mujibu alimsomea azimio lote, jina na vifungu. Brekingi akamweleza habari ya bendera na vibandiko, ya ofisi moja na dawati moja, na sensa ya mlango. Dinah, kwa maneno machache, akamweleza barua. Kwenye habari ya barua Mwende aliacha kutabasamu. Naye alikuwa na binti wa shangazi yake anayefanya kea, huko kaskazini. Aliwasikiliza wote hadi mwisho, kwa adabu, mikono yote miwili ikizunguka kikombe. Kisha akauliza:

— Na kabla ya mgomo, mlikuwa mnanunua nini pale?

Basi jingine la kuelekea Plumstead lilisikika likipita barabara kubwa, likaenda zake.

Kwa Mujibu alifungua daftari. Alirudi nyuma ukurasa mmoja, akarudi miwili, akafika kwenye njiwa, akafika kwenye jua, akalifunga.

— Kuna siku nilitaka kununua keki, — alisema Brekingi.

— Ukanunua?

— Foleni ilikuwa ndefu.

— Sista?

— Mimi huja nimekunywa chai nyumbani, — alisema Dinah. — Halafu nakunywa hii.

Mwende aliwageukia tena, kwa nia njema kabisa.

— Kwa hiyo sasa hamnunui nini?

Dinah ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kikashuka mabegani, akaegemea bega la Mwende, na Brekingi akafuata, akipiga chuma cha benchi kwa kiganja. Hata Kwa Mujibu alifunika uso kwa daftari. Mzee Rajab alijaribu kufikiria jambo la huzuni. Alifikiria mazishi. Alifikiria ukaguzi wa leseni. Halikumsaidia lolote. Akasimama.

— Fundi bomba? — aliuliza Brekingi, machozi yakimtoka.

— Hapana, — alisema Mzee Rajab. — Sina fundi bomba. Bomba ni mimi mwenyewe.

Brekingi aliacha kupiga chuma.

— Daktari amenipa vidonge vya maji. Kila dakika arobaini. Nyumbani kwangu ni mabasi mawili. Siku nane sijaonja kahawa yangu mimi mwenyewe, nawapikia nyie tu. Nilitia sahihi bila miwani. Na sikusema, kwa sababu jambo lenyewe ni la mdogo wake Sista, na mtu hawezi kulipeleka jambo kama lile chooni. Sasa mniwie radhi, naenda pale.

— Nilijua tangu Jumatatu, — alisema Dinah.

— Mbona hukusema?

— Mzee mwenyewe hakusema. Ningeanzaje?

Kwa Mujibu alikuwa ameshafungua ukurasa mpya.

— Chemani, hili lina suluhisho. Kibali maalumu, kwa sababu za kiafya. Nakiandika sasa hivi, dakika mbili. Itahitajika tu barua ya daktari, ambatisho A, na—

Lakini mwenyekiti alikuwa katikati ya kichochoro, akitembea kwa hatua fupi za mtu aliyebeba beseni lililojaa.

Ndani palikuwa na joto na harufu ya maziwa. Plamedie alikuwa kwenye kaunta, na alipomwona uso wote ulimfunguka.

— Papa Rajab! Siku mingi sikukuona! Leo ni sa—

Akakatiza. Pembeni yake, karibu kuliko kawaida, alikuwa amesimama meneja, kijana mwenye tai fupi, na nyuma ya meneja, ukutani, palikuwa na karatasi mpya ndani ya fremu. Mzee Rajab, ambaye safari hii alikuwa na miwani, aliisoma. Tawi la Woolwich lilikuwa linapongezwa na makao makuu kwa kupunguza, ndani ya juma moja, matumizi ya karatasi za chooni, sabuni na maji. Meneja alikuwa anajivunia jambo hilo, ilionekana, na alikuwa anataka kujua limetokana na nini ili liendelee. Alikuwa ameinua macho kutoka kwenye mashine ya kahawa. Alikuwa anautazama mdomo wa Plamedie.

Mzee Rajab aliendesha basi miaka ishirini na miwili, na kwa muda wote huo kazi yake ilikuwa kuona jambo litakalotokea kabla halijatokea. Binti akitaja namba, hata kwa Kiswahili, kazi ya binti ipo mashakani. Akinyamaza, mzee atabaki amesimama pale, na kilichokuwa kinakaribia hakikuwa kinangoja mtu.

Kwenye kaunta, ndani ya bakuli, palikuwa na matunda.

— Naomba ndizi, — alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mteja. — Moja.

— Ndizi moja, — alirudia Plamedie, naye kwa Kiingereza, kama watu wasiojuana.

Akalipa. Plamedie akamkabidhi risiti kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa kuliko thamani ya ndizi. Namba ilikuwa chini kabisa, imechapwa kwa herufi ndogo. Meneja akarudi kwenye mashine yake. Mzee Rajab aliingia mlango wa nyuma kulia, na ya humo ndani si ya kusimuliwa, isipokuwa kwamba alipotoka alikuwa amepungua miaka kumi.

Akarudi kwenye Benchi. Kwa Mujibu alikuwa na kibali mkononi, kimekamilika, kinangoja muhuri ambao hawakuwa nao.

— Hiyo nini, Chemani?

— Ndizi.

— Umepewa?

— Nimenunua.

Brekingi alishika kichwa. Mzee Rajab akawasimulia yote: meneja, fremu ya ukutani, karatasi za chooni, mdomo wa Plamedie. Alipofika kwenye pongezi za makao makuu, Kwa Mujibu aliomba arudie, kwa ajili ya kumbukumbu.

— Kwa hiyo juma zima, — alisema Brekingi, — kitu pekee hii kampuni imeona ni kwamba haukojoi.

— Ndivyo.

— Na wakashukuru.

— Wameweka fremu.

— Mimi nilisema! Wanatutegemea! — Brekingi aliigeuza ndizi mkononi, akasoma kibandiko chake, akaisogeza karibu na jicho. — Halafu hii ndizi waliiweka kaunta makusudi. Walijua atakuja. Sensa iliwaambia.

— Griffins, mpe mzee ndizi yake, — alisema Dinah. Kisha akamgeukia Mzee Rajab. — Umemlinda yule msichana wa kaunta. Mama yake naye anaogesha wazee, Abbey Wood. Ulijua?

— Sikujua.

— Basi sasa unajua.

Kwa Mujibu alikuwa ameinama kwenye azimio. Alitafakari, akapiga mstari mmoja kwa rula juu ya maneno matatu ya mwisho, huduma zake ambatani, akaandika pembeni tarehe na herufi za jina lake. Ilimuuma, yalikuwa maneno aliyoyapenda.

— Kahawa yao bado tunaisusia? — aliuliza Mwende.

— Kwa nguvu zote, — alisema Kwa Mujibu.

Dinah alichukua ndizi, akailaza juu ya azimio, akapiga picha, akamtumia mdogo wake huko Kent na maneno machache. Wakakaa. Mzee Rajab alikichukua kikombe chake kutoka kwenye chuma cha benchi. Kahawa ilikuwa imepoa. Akaimwaga, akajimiminia nyingine, akainywa yote, akajimiminia tena.

Simu ya Dinah ililia. Ulikuwa ujumbe wa sauti, na akaubonyeza wausikie wote. Hakukuwa na neno hata moja. Ilikuwa sauti ya mwanamke anacheka, anajaribu kuanza kusema, anashindwa, anacheka tena, na nyuma yake mzee mmoja wa Kiingereza akiuliza kumetokea nini, dia, kumetokea nini.

— Miezi miwili sijamsikia anacheka, — alisema Dinah, akaucheza tena.

Ndizi waliimenya, wakaigawa vipande vitano. Kwa Mujibu alikula cha kwake baada ya kukiandika.

Kilichotokea ni hiki. Kwa miaka sita Benchi lilikaa mbele ya Hartley & Finch na halikununua chochote. Siku ya tisa ya kuisusia, lilinunua ndizi moja.